Uzito wa Mtu wa Mizeni

Jumatano, 8 Januari

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya Yasini. Jana alinishika. Nilisema kule Mizeni jiwe ukilirusha linabaki juu. Juzi nilisema mtoto kapigwa jiwe likampasua kichwa. Yasini akasimama na karai lake mkononi.

"Mzee Mudathir, hapo umetuongopea. Jiwe la juzi limeanguka, la jana limekataa kuanguka. Nchi gani hiyo?"

Watu wakacheka. Mie sikucheka. 

Sasa naandika. Nikiandika sitojichanganya. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu mbaya, lakini msomaji ni mie.

Sisi ni watu wa chumvi. Tunakokota chumvi kwenye majaruba, yale mabwawa ya kukaushia maji ya bahari, nyuma ya mikoko ya Moa. Jua likiwa kali tunaingia bandani mpaka alasiri. Simu hazina chaji. Zamani watu walikuwa wanalala au wanagombana. Mwezi wa kumi na mbili nikaanza kuwaambia iko nchi inaitwa Mizeni. Basi wakaipenda. Kila mchana, "Mzee, tupeleke Mizeni."

Mke wangu alikuwa akiitwa Mize. Kafa mwaka juzi. Hilo hawalijui.

Alhamisi, 9 Januari

Nimepata jibu la Yasini.

Haji leo hakupita. Haji ni Mpemba, mtu mzima kunishinda, analinda mlango wa maji, ule unaozuia bahari isiingie majaruba. Kibanda chake kiko hukohuko mlangoni. Kila alfajiri anazunguka kambi nzima anatoa salamu, kitanda kwa kitanda. "Asalaam aleikum, yakhe. Umeamkaje?" Leo homa ilimshika, hakuja. Nikakaa kitandani najiona kama sipo.

Basi sheria ndiyo hii. Mizeni kitu kina uzito kwa vile kinavyojulikana. Kinachojulikana na watu wengi ni kizito. Kisichojulikana na mtu ni chepesi, kinaelea.

Jiwe lililompasua mtoto lilikuwa jiwe la mlangoni, kila mtu analikanyaga. Lililobaki juu lilitoka porini, hakuna aliyewahi kuliona.

Ijumaa, 10 Januari

Nimewaambia. Yasini akafikiri, kidole mdomoni.

"Haya. Imekaa."

Nimefurahi kuliko siku ya mshahara. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 13 Januari

Kukokota. Jua. Miguu imechanika.

Jumatano, 15 Januari

Sabra, mpishi wetu, aliuliza huku anakuna nazi. "Na mtu je? Mtu asiyejulikana?"

Nikasema naye anaelea. Ndiyo maana mtoto mchanga kule anafungwa kitandani kwa kanga mpaka siku ya saba. Apewe jina, watu waje wamtazame, ndiyo afunguliwe.

"Maskini!" Sabra akasema. Kaacha kukuna.

Yasini akaja na lake. "Ngoja. Mimi nikishakujua nimekujua. Sasa mtu mzima atakuwaje mwepesi?"

Swali zuri. Nilikunywa maji kwanza. Nikasema kujuana kunaisha, kama chakula tumboni. Kila siku unajuana upya. Na kujuana upya ndiyo salamu. Kwa hiyo Mizeni watu wanasalimiana kila asubuhi, nyumba kwa nyumba, la sivyo nyayo zinaacha ardhi.

Halafu Abdulwakil, msimamizi, ambaye huwa hasikilizi hadithi, akauliza kutoka mlangoni: "Mwizi wanamfanyaje?"

Jibu lilikuja lenyewe. "Wanamnyamazia. Hasalimiwi, hajibiwi. Kila siku anapungua. Mpaka miguu iache ardhi, aende zake juu."

Haji alikuwa kakaa kwenye ndoo. Akatikisa kichwa. "Adhabu kubwa hiyo, yakhe. Afadhali bakora."

Jumatatu, 20 Januari

Yasini hachoki. Leo: "Mtu akimsalimia kwa siri yule aliyenyamaziwa?"

Nikasema naye ananyamaziwa.

"Hiyo sheria ya uzito?"

"Hapana. Hiyo sheria ya watu. Ya uzito imekuja yenyewe, ya watu wameiweka."

Ilibidi. Bila hiyo ile ya kwanza haisimami, kila mtu angekuwa na ndugu wa kumsalimia gizani. Nimeongeza nyingine: maneno ya aliyenyamaziwa nayo hayana uzito. Yanapita juu ya masikio.

Nimeziandika zote. Sasa hazina tundu.

Alhamisi, 30 Januari

Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo, limepita salama. Chumvi nyeupe kama pamba.

Alhamisi, 13 Februari

Balaa.

Bamvua la mbalamwezi limeingia jaruba nne. Zilikuwa tayari, leo ndiyo tulikuwa tunazikokota. Maji yamepita chini ya mlango. Chumvi ya wiki tatu imerudi kuwa bahari. Na sisi tunalipwa kwa chumvi iliyokauka, maji hayalipwi.

Abdulwakil alikwenda mlangoni anatukana. Haji kasimama kwenye tope mpaka magotini.

"Ulilala!"

"Sikulala. Ubao wa chini umeoza. Nimekwambia toka mwezi wa kumi na mbili, ubadilishwe."

"Hujaniambia."

"Nimekwambia, Abdulwakil. Wewe na mimi, hapa hapa."

Mie naamini alimwambia. Haji si mtu wa kusahau neno. Lakini watu walikuwa na hasira, na Abdulwakil ndiye anayetoa kazi.

Mchana hakuna aliyetaka hadithi. Yasini tu alisema, kalala chali: "Huyu angekuwa Mizeni, saa hii tungekuwa tunamtazama huko juu."

Watu wakacheka. Kicheko cha kwanza kutwa nzima.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi Haji kapita na salamu zake. Kitanda cha kwanza kimya. Cha pili kimya. Yasini akaangalia paa. "Mmeusikia upepo huo?"

Banda zima likapasuka kwa kicheko. Haji naye alitabasamu, kama mtu anayengoja aambiwe kichekesho.

Kufika kwangu: "Asalaam aleikum, Mudathir."

Nilicheka. Ilikuwa inachekesha. Sikujibu.

Jumapili, 16 Februari

Nikasema, "Siku tatu zinatosha, jamani. Tumeshacheka."

Yasini kanitazama kama nimemwibia. "Mizeni ni siku tatu? Ulisema mpaka miguu iache ardhi."

"Ile hadithi."

"Kwani nimesema si hadithi?"

Nimemuuliza Sabra anafanyaje. Yeye mtu wa dini. Kujibu salamu ni faradhi.

"Namjibu moyoni."

"Moyoni inahesabika?"

"Kwa Mungu inahesabika. Kwenu nyie sijui."

Nami nimeanza kumjibu moyoni.

Jumanne, 18 Februari

Abdulwakil kaniita chini ya turubai la chumvi. Kanipa soda.

"Mzee, hiyo nchi yako nzuri. Toka juzi watu wanafanya kazi kama mashine. Hakuna anayechelewa. Wanaogopa." Akacheka. "Hebu tunga moja ya wavivu."

Nikasema hadithi haitungwi kwa kuagizwa.

"Kiuno chako kinakuuma ukisukuma toroli, si kweli? Kesho kaa bandani, shona viroba."

Nimetunga. Mtu akichelewa Mizeni anakosa salamu za siku moja. Ndogo tu. Siku moja haimrushi mtu.

Alhamisi, 20 Februari

Yona kachelewa. Wamemnyamazia. Yona ni Mbondei, mkristo, kijana wa maneno. Alisema habari za asubuhi mara mbili, akaona kimya, akatazama uso mmoja mmoja.

"Watu wazima nyie, mnakatazana habari za asubuhi! Kaeni na wazimu wenu."

Kachukua begi lake, kapanda bodaboda, kwao Muheza.

Haji hana Muheza. Kwao Pemba hajarudi miaka mingi, wazee wamekufa, mke alimuacha. Kibanda cha mlangoni ndiyo nyumba.

Nashona viroba. Kiuno kimepoa.

Jumanne, 25 Februari

Haji bado anapita kila alfajiri. Sasa salamu yake fupi. Hangoji jibu.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo umeanza. Futari ya kwanza mkeka mmoja. Haji alikuja akakaa pembeni. Watu hawakumfukuza, hilo haliko kwenye sheria. Walisogea tu, kila mtu kidogo, mpaka akabaki na upande wake peke yake. Sabra alimwekea uji bila kumtazama. Haji kala kageuza mgongo.

Isha nikaswali nyuma yake kwa bahati mbaya. Tulipotoa salamu ya mwisho, kulia na kushoto, waliokuwa kushoto kwake wakageuza shingo nusu tu, wasije wakamsalimia.

Nimeona kwa macho yangu. Ndani ya swala.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimejaribu kuibomoa.

Mchana, watu wamelala kwa saumu, nikasema leo tunakwenda Mizeni. Wakaamka. Nikaleta mfalme. Mfalme kamkuta mtu kanyamaziwa, miguu inagusa ardhi kwa vidole tu. Kamuonea huruma, kamsamehe, kamsalimia mbele ya watu.

"Kwa sheria ipi?" Yasini.

"Kwa ufalme wake."

"Mfalme ana uzito kuliko watu wote, sawa, anajulikana na wote. Lakini uzito si ruhusa. Wewe mwenyewe umesema anayemsalimia ananyamaziwa. Basi huyo mfalme kesho anaelea."

"Ni mfalme wangu. Namfanya nitakavyo."

"Hapana, Mzee." Aliongea taratibu, kwa heshima kabisa. "Ukifanya utakavyo tutakuaminije?"

Na watu wote, wale niliokuwa nikiwabembeleza wakae wasikilize, wakatikisa vichwa. Upande wa Yasini. Mmoja akasema mfungo umemchosha mzee, mwacheni alale.

Jioni nikasikia wanasimuliana wenyewe kwenye majaruba. Mizeni yangu. Kulikuwa na sheria mle siijui. Kwamba kivuli cha aliyenyamaziwa kikipita juu ya chumvi, ile chumvi haigandi.

Nikauliza, "Hiyo kasema nani?"

"Ndiyo sheria," wakasema.

Jumatatu, 10 Machi

Haji sasa anazunguka mbali na majaruba. Hakuambiwa na mtu, mtu hamwambii kitu. Kaona tu wanavyomzibia njia kwa toroli. Anapita mikokoni, kwenye tope, ili kivuli chake kisiguse chumvi.

Jumamosi, 15 Machi

Bamvua limefika kwenye ukingo wa tuta linalozuia bahari, likarudi. Mawingu upande wa Pemba.

Haji kakonda. Shati linapepea kama limeanikwa. Yasini alimtazama anavyokwenda juu ya tuta, hakusema kitu cha kuchekesha. Alisema, "Mnaona?" Watu wakaona. Mie pia niliona. Kweli alikuwa anakanyaga kama mtu asiye na uzito, tope halikuwa linashika nyayo zake.

Nimejiambia ni upepo. Nimejiambia ni saumu. Nchi nimeitunga mie, nikila mihogo.

Jumanne, 18 Machi

Sabra kapoteza figa moja jikoni. Kalitafuta asubuhi yote. Baadaye nimemuona Haji anakaa kwenye kibanda chake, figa jeusi kalipakata mapajani. Jiwe hilo kambi nzima inalijua. Hakuna siku hatujalitazama tukingoja chakula.

Sijamwambia Sabra. Hatukulala njaa, katafuta jiwe jingine.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Ndogo. Tulifunika lundo kwa turubai.

Baada ya futari Haji kasimama mlangoni pa banda. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Jamani. Ubao wa chini wa mlango umekatika katikati. Bamvua la Idi ndiyo kubwa la mwaka. Halitazuilika. Nataka boriti moja na watu wanne, saa moja tu."

Mtu aliendelea kutafuna tende. Mwingine akamuuliza mwenziwe kama kesho ni Jumanne. Abdulwakil alikuwa anaua mbu.

Haji alisubiri. Akarudia maneno yaleyale, pole pole, kama tumekuwa viziwi. Halafu akaondoka.

Mie nilimfuata Abdulwakil nje.

"Ubao wa mlango mbovu. Tutie boriti kabla ya Idi."

"Nani kakwambia?"

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Nimeona mwenyewe."

"Wiki yote uko bandani na viroba, Mzee. Hujafika mlangoni." Akaniangalia muda mrefu, taa ya simu yake usoni kwangu. "Nani kakwambia?"

Nikanyamaza.

"Basi hakuna aliyekwambia," akasema, akaenda zake.

Ijumaa, 28 Machi

Leo alfajiri Haji hakupita.

Nikaamka nikaenda mlangoni. Peke yangu, hakuna aliyeniona. Alikuwa anagongelea vipande vya mbao za boksi kwenye ubao. Nikasema kwa sauti, si moyoni: "Asalaam aleikum, Haji."

Aliacha kugonga. Hakugeuka.

Nikarudia.

"Nenda, Mudathir," akasema. "Usinisalimie. Watakuona."

"Nijibu basi."

Aliinua nyundo akaendelea.

Jumatatu, 31 Machi. Idi.

Nitaandika yote.

Tajiri, mwenye majaruba, kakataza watu kwenda nyumbani, kisa mvua. Tukaswali Idi hapahapa kwenye turubai. Baada ya swala watu wakapeana mikono, wakakumbatiana. Haji alisimama kwenye mstari kama wengine, mkono kautoa mbele kidogo. Watu walimpita kama unavyopita nguzo. Nilipofika mimi, Abdulwakil alikuwa nyuma yangu, naisikia pumzi yake shingoni.

Nimepita.

Sabra alipika pilau. Haji hakuja kula.

Alasiri mvua ikashuka ya kweli, na maji ya bahari yakawa yanapanda. Nikasikia kitu kimepasuka upande wa mlango, kama mti. Nikakimbia. Nilipofika ubao wa chini ulikuwa umeng'oka. Haji alikuwa kachukua boriti ya tajiri, kaisimamisha peke yake kuuzuia. Peke yake! Boriti ya watu wanne. Imeteleza, imemlalia mguu, imembana kwenye ukuta wa mlango. Maji yanaingia kwa nguvu, yako kiunoni kwake, na bado yanapanda.

Niliingia nikaisukuma. Haikutikisika.

Nikapanda tuta nikapiga kelele mpaka koo likauma. Wakaja sita, Yasini mbele, Abdulwakil nyuma na mwavuli. Wakasimama juu ya tuta.

"Kuna nini?"

"Haji kabanwa! Shukeni!"

"Nani?" Yasini aliuliza. Hakuwa anatania. Mvua ilikuwa inampiga usoni na hakupangusa.

"Haji! Mnamwona! Huyo hapo!"

Hakuna aliyeshuka. Walikuwa wanatazama maji, wanatazama boriti, wanatazamana. Kila mmoja anangoja mwenzie awe wa kwanza, na kila mmoja anajua wa kwanza atafanywa nini.

Nikasema, "Mizeni haipo! Nimeitunga mie, kwa mdomo wangu huu!"

"Tunajua umeitunga, Mzee," Yasini akasema. "Hakuna asiyejua."

"Basi?"

"Basi nini? Kwani sheria gani haikutungwa na mtu?"



Maji yakafika kifuani. Na Haji hakuwa anapiga kelele. Hilo ndilo linalonitesa. Alikuwa kaegemeza kichwa nyuma, anatazama mawingu, anatazama kwa makini, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

Sabra ndiye aliyekuja mbio, na kanga zake mpya za Idi, kaona yote kwa mara moja. Hakuwaambia habari ya Haji hata neno. Alimgeukia Abdulwakil.

"Wewe! Boriti ya tajiri inachukuliwa na maji na wewe umeshika mwavuli! Ile mbao unajua imetoka wapi? Utamwambia nini kesho?"

Abdulwakil akashtuka. "Shukeni! Okoeni boriti!"

Wakashuka. Boriti haikunyamaziwa. Watano waliingia majini, wakaishika, moja mbili tatu, wakainyanyua. Mmoja kasimama kifua kwa kifua na Haji, na hakumtazama. Mie na Sabra tukamvuta kwa makwapa. Mguu wake ulikuwa umegeukia ambako miguu haiendi.

Walibeba boriti ile mpaka juu ya tuta wakailaza vizuri, pakavu. Haji tulimlaza kwenye tope.

Baada ya dakika chache tuta lenyewe likakatika. Majaruba yote yamekwenda. Lundo, viroba, vyote. Walisimama kwenye mvua wanatazama, na Yasini akasema, sauti ndogo, "Ni kivuli chake kimepita juu."

Tulimpakia Haji kwenye toroli la chumvi. Nimemsukuma mie mpaka barabarani. Kiuno sikukisikia.

Jumatano, 2 Aprili

Hospitali mjini. Mguu umevunjika mara mbili. Nesi kamuuliza jina. Kakaa kimya. Kamuuliza tena, kwa upole, kamshika bega. Kimya. Nikasema mie: "Anaitwa Haji." Haji alinitazama kama nimetaja mtu mwingine.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemleta kwangu, Moa. Kitanda cha Mize.

Kambi imefungwa. Mvua kila siku.

Namsalimia asubuhi. Hajibu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwenda dukani kwa mafuta ya taa. Vijana wa bodaboda pale kituoni wananijua toka wanatambaa. Kila siku ni shikamoo mzee, shikamoo mzee. Leo wametazama simu zao. Yasini alikuwa kati yao.

Nilisema habari zenu. Mvua ndiyo iliyojibu.

Jumatano, 9 Aprili

Mwanangu Najat kapiga simu kutoka Tanga mjini. Kaniuliza, "Baba, Mizeni ni kitu gani? Watoto wa chuoni wanacheza huku. Wanamchagua mmoja, hawaongei naye. Jana kitoto cha jirani kimejifunga kamba mguuni, kimejifunga na kitanda, kinalia."

Nikasema sijui.

Alhamisi, 10 Aprili

Sabra kaja na samaki. Ni mtu wa kwanza kuingia mlango huu. Hakubisha hodi, kaingia tu kwa nyuma, kaweka sufuria chini. "Msinijibu," akasema, "niacheni nitoke salama." Alipotoka alilia uani.

Jumapili, 13 Aprili

Haji kasema.

Nilikuwa namfunga bandeji. Mvua imetulia kidogo. Sauti yake kavu, haijatumika.

"Mudathir. Wale walioelea. Wako wapi?"

Kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa, nikaogopa. Nilitaka kumwambia hakuna walioelea, bwana wee, ni maneno ya bandani. Lakini nilimwona anavyoshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Ukimwambia haipo, ni nini basi kilichomfanya hivi?

Nikasema, "Ngoja nifikiri."

Nikafikiri kutwa. Sikutaka kumdanganya. Nilitaka kitu kinachosimama, ambacho hata Yasini angetia kidole mdomoni akakubali. Nimelichukua daftari hili nikasoma kuanzia mwanzo.

Baada ya magharibi nikakaa kitandani kwake.

"Wako juu," nikasema. "Wengi. Toka nchi ilipoanza, kila aliyenyamaziwa yuko kule. Sasa uzito ni kujulikana, na kujulikana ni salamu. Na kule juu hakuna sheria ya watu, imebaki chini. Kwa hiyo wanakutana. Wanasalimiana."

Haji alinyanyua kichwa.

"Kila asubuhi wanasalimiana," nikasema. "Na kila siku anakuja mwingine mpya. Kwa hiyo wanapata uzito. Kidogo kidogo. Haiwezekani wasipate, sheria ni ileile."

"Basi watashuka."

"Ndiyo. Lazima washuke."

"Mmoja mmoja?"

Nikafikiri tena. "Hapana. Wanajuana wote sawasawa. Uzito wao ni mmoja. Watashuka siku moja, wote."

Nje mvua ikaanza upya kwenye bati. Nikaona uso wake umepata damu. Niliona vizuri kwa taa, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifikiri nimemponya.

"Wakishuka," akasema, "watafanya nini?"

"Sijui. Hapo sijatunga."

"Mie najua," akasema Haji.

Akalala chali, macho wazi, akaanza kutaja majina. Yasini. Abdulwakil. Akamtaja yule aliyekuwa anatafuna tende. Akawataja waliobeba boriti, mmoja mmoja, na jina la baba. Anataja taratibu, bila hasira, kama mtu anayezunguka kambini alfajiri kitanda kwa kitanda.

Taa inakwisha mafuta. Bado anataja. Nimekaa hapa miguuni kwake naandika, nangoja nisikie kama na langu limo.